Godoro la inchi 8 limebonyea ndani ya miezi saba: tatizo ni sponji, kitanda au mgongo wangu?

#1 Mkazi wa Chanika
Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa pili nilinunua godoro la 5 kwa 6, inchi 8, jipya, na nailoni yake. Muuzaji alilipiga ngumi mbele yangu, likarudi papo hapo, akasema hili utawarithisha watoto. Leo ni miezi saba. Upande ninaolala mimi pana bonde, hata ukitandika shuka unaliona. Nimelaza ubao ulionyooka juu yake nikapima kwa rula: inchi moja na nusu. Asubuhi kiuno kimekaza, inapita kama dakika ishirini ndipo naweza kuinama kufunga viatu. Mchana kinaachia.

Mimi nina kilo 84, mke wangu 61, na upande wake uko sawa kabisa. Kitanda ni cha mninga, nilikitengenezesha miaka minne iliyopita.

Nataka kununua jingine ila sitaki kupoteza hela mara ya pili. Ninyi mnachaguaje? Unene, jina la kampuni, au bei?

#2 Mpita Njia 77
Nakaa hapa. La kwangu limeanza dalili hizo hizo.

#3 Fundi Sponji
Pole mkuu. Nina miaka 14 Keko nashona masofa na kufungua magodoro ya watu, kwa hiyo yaliyomo ndani nayaona kwa macho.

Ngumi haipimi kitu. Hata sponji jepesi likiwa jipya linarudi haraka. Sponji ni vitundu vya hewa vyenye kuta. Kuta zikiwa nyembamba, kila usiku joto la mwili, jasho na uzito vinazilegeza, na siku moja hazinyanyuki tena. Inchi 8 za sponji hafifu ni inchi 8 za hewa. Afadhali inchi 6 zilizoshiba.

Ulizia densiti, yaani kilo ngapi za sponji katika mita moja ya ujazo. Kwa uzoefu wangu, mtu mzima wa kilo 80 na kitu akilalia kilo 16 au 18, mwaka hauishi. Kuanzia 25 unaanza kuongea, 30 ndiyo umelala. Muuzaji akikwambia hajui, lipandishe godoro kwenye mizani.

#4 Mama Wawili
Fundi, ukishalipima unajuaje hizo kilo kwa mita? Tufanyie hesabu na sisi tuelewe.

#5 Kijana wa Mabibo
Rahisi. 5 mara 6 mara 8 ni futi 240 za ujazo. Gawanya.

#6 Mwalimu wa Hesabu
Hapana kijana, umechanganya futi na inchi. Inchi 8 ni theluthi mbili ya futi. 5 × 6 × 8 ÷ 12 = futi 20 za ujazo. Mita moja ya ujazo ina futi 35.3, kwa hiyo godoro la mkuu #1 lina mita 0.57 hivi.

Likiwa la densiti 16, sponji lenyewe litakuwa na kilo 9. La 25 litakuwa na kilo 14. La 30, kilo 17. Ondoa kwanza uzito wa kitambaa, kilo moja hadi mbili. Tofauti ya kilo 9 na 17 unaisikia begani hata bila mizani.

Wa 4 kwa 6, inchi 6: futi 12, yaani mita 0.34. Wa 6 kwa 6, inchi 10: futi 30, yaani 0.85.

#7 Kijana wa Mabibo
Nimekubali mwalimu. Ahsante.

#8 Mpimaji
Fundi #3 yuko sahihi, ila naongeza jambo ambalo watu wengi linawapotosha. Densiti si ugumu. Sponji linaweza kuwa zito na laini, na jingine jepesi na gumu. Ugumu ni nguvu inayotakiwa kulibonyeza, densiti ni mali iliyomo ndani. Ya kwanza inakwambia utalalaje leo, ya pili inakwambia utalala hivyo kwa muda gani. Ukimwambia muuzaji "nipe gumu" anaweza kukupa jepesi lililokazwa, ukalisifu miezi mitatu tu.

#9 Babu wa Moshi
Vijana mnahangaika bure. Mgongo dawa yake ni kitu kigumu. Sisi tulilalia ngozi na mkeka juu ya ubao, sijawahi kwenda hospitali kwa ajili ya kiuno. Godoro likiwa gumu kama meza, umepona.

#10 Mnyoosha Viungo
Shikamoo babu. Mimi natibu watu kwa mazoezi ya viungo hospitalini, na ushauri huo hata sisi tuliutoa miaka mingi. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Hispania: watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, nusu wakapewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa kati, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya kati walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuinuka.

Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatokeza. Godoro likiwa kama meza havizami, kiuno kinaning'inia katikati, misuli inafanya kazi usiku kucha. Likiwa laini mno, nyonga inazama na mgongo unapinda kama upinde. Unatafuta lile linaloacha uti wa mgongo umenyooka ukilala ubavu.

Dukani usikae ukingoni na kubonyeza kwa kiganja. Vua viatu, lala kama unavyolala kwako, dakika kumi au kumi na tano. Ukilala chali, pitisha mkono chini ya kiuno. Ukipita kwa ulaini kabisa pana uwazi, godoro ni gumu kwako. Usipopita kabisa, umezama.

#11 Babu wa Moshi
Marahaba. Nimekuelewa mwanangu, lakini hao 313 walizaliwa juu ya magodoro. Mgongo uliozoea ubao ni mgongo mwingine.

#12 Mnyoosha Viungo
Hilo siwezi kulipinga babu, utafiti ule ulikuwa wa watu wenye maumivu tayari. Wewe huna maumivu, endelea na ubao wako.

#13 Mbao na Misumari
Mbona wote mmekimbilia sponji? Mkuu #1, inua hilo godoro utuambie chaga ziko ngapi na zimeachana kiasi gani. Mimi ni seremala. Mteja anabana bei, fundi anapunguza chaga, kwa juu kitanda kinang'aa vanishi. Godoro linaingia kati ya chaga na chaga, kila siku mahali pale pale. Hata ulete la densiti 40, likikaa juu ya mashimo litakuwa na mashimo.

Kitanda cha futi 6 kwa urefu nakiwekea chaga 12 za inchi 3. Hapo nafasi inabaki inchi 3 na kidogo.

#14 Shangazi wa Ng'ambo ya Pili
Kama ni chaga, kwa nini upande wa mkewe haujabonyea? Chaga zinapita chini ya wote wawili.

#15 Mbao na Misumari
Swali zuri. Yeye ana kilo 84, mke 61. Na mbao hazifanani, moja inaweza kuwa na fundo upande mmoja ikapinda. Asubiriwe apime.

#16 Mswahili wa Likoni
Mie nauliza kitu kimoja. Hiyo nailoni uliitoa ama bado ipo? Huku Mombasa watu wengi waiacha wakisema godoro lisichafuke. Mwili watoa jasho, jasho halina pa kwenda, larudi ndani. Langu nililifungua baada ya mwaka, chini lilikuwa na ukungu mweusi na harufu ya kisima, na sponji upande ule limeoza laini. Kwa joto la pwani nailoni ni adui wa kwanza.

#17 Mkazi wa Chanika
Nailoni ipo mpaka leo. Nilidhani nalitunza.

#18 Mama Wawili
Toa leo. Kama unaogopa uchafu, shona foronya ya godoro ya kitambaa cha pamba yenye zipu, unaifua kila mwezi. Na usisahau kuligeuza kichwani kwenda miguuni kila miezi mitatu. Mimi naandika tarehe kwa kalamu pembeni ya lebo.

#19 Kilo Mia na Mbili
Nilete kesi yangu. Nina kilo 102, mwenzangu 58. Miaka mitatu alikuwa anaviringikia upande wangu usiku, anaamka amechoka, mimi naamka nimebanwa. Tulinunua gumu, yeye akalalamika ni jiwe. Tukanunua laini, mimi nikazama. Mwishowe tukanunua mawili ya 3 kwa 6, la kwangu gumu la inchi 10, la kwake la ugumu wa kati, unene huo huo, tukayaweka sambamba juu ya kitanda cha 6 kwa 6 na shuka moja juu. Pale katikati tumeweka blanketi jembamba ili mfereji usisikike. Huu mwaka wa pili, hakuna ugomvi.

Mkuu #1, mmeachana kilo 23. Godoro moja halitawatosha sawasawa hata liwe la bei gani.

#20 Mpita Njia 77
Mkuu #19 hilo la magodoro mawili nimelichukua. Sikuwahi kulifikiria.

#21 Mtaa wa Kongo
Nauza magodoro Kariakoo, naomba nisikilizwe na mimi. Wateja wengi wakiingia wanauliza vitu viwili: inchi ngapi, na bei ya mwisho. Ukimwambia hili la inchi 6 ni ghali kuliko lile la inchi 10 anaona unamwibia, anaondoka. Ndiyo maana maduka mengi yanajaza manene mepesi.

Pia kuna wanaonunua kitambaa chenye lebo ya kampuni kubwa wanavalisha sponji la ajabu. Angalia mshono: wa kiwandani umenyooka na uzi mmoja kote. Angalia alama ya TBS, shirika la viwango, na jina la kiwanda kwenye lebo iliyoshonwa, si iliyobandikwa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imeandikwa aina na ukubwa wa godoro, pamoja na karatasi ya waranti. Bila risiti, waranti ya miaka kumi ni maneno tu. Ukigundua ni bandia, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya bidhaa bandia.

#22 Mkazi wa Chanika
Risiti ninayo ya mkono, imeandikwa "godoro 1". Niliipeleka dukani wiki iliyopita, wakasema kubonyea ni matumizi yangu.

#23 Fundi Sponji
Basi lifungue zipu mkuu utazame ndani. Kama hakuna zipu, fumua mshono kidogo upande wa miguuni. Ukikuta rangi nyingi zimechanganyika kama karanga za kashata, hilo ni sponji la kuungwa, vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Lina uzito mkubwa na ni gumu. Siyo baya likiwa tabaka la chini, ila wengine wanalijaza lote na kukuuzia kama densiti kubwa.

#24 Mpimaji
Kwa hiyo fundi mizani yako ya #3 inadanganywa kirahisi. Na kuna jingine: viwandani unga wa chokaa unaweza kuchanganywa ndani ya sponji ili kupunguza gharama. Uzito unapanda, nguvu haipandi.

#25 Fundi Sponji
Kweli. Ndiyo maana nasema upime kilo NA ufungue uone. La chokaa ukilisugua kwa vidole linaacha vumbi na kumeguka upesi. Mizani pekee inakuokoa na jepesi, haikuokoi na mjanja.

#26 Baridi ya Makete
Naomba kuuliza kuhusu haya ya memori, sponji linaloshika umbo la mwili, yanayoingia yakiwa yamekunjwa na kubanwa kama zulia. Nasikia yalitengenezwa kwa watu waliokwenda mwezini.

#27 Mwalimu wa Hesabu
Si ya mwezini. Sponji lile lilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Charles Yost katika kazi ya NASA, kwa ajili ya viti vya ndege ili kupunguza kishindo. Kwenye magodoro lilikuja baadaye sana.

Lakini kwa Makete fikiri mara mbili. Sponji lile linalainika kwa joto na kukaza kwa baridi. Mwezi wa saba huko kwenu utapanda juu ya kitu kama gogo, mpaka mwili ulipashe.

#28 Tanga Raha
Na huku Tanga ni kinyume. Linakukumbatia na joto lote linabaki nawe. Nililala miezi miwili, nikampa mdogo wangu Lushoto. Yeye analifurahia mpaka kesho. Kwa joto letu nilirudi kwenye springi, hewa inapita ndani. Ila springi rahisi baada ya miaka mitatu unasikia kila waya.

#29 Bi Mkubwa wa Unguja
Wanangu, nyote mnazungumza sponji kana kwamba dunia ilianza nalo. Sisi tumelelewa juu ya godoro la usufi, juu ya samadari. Usufi wa msufi, unachambuliwa kokwa kwa mkono, unashindiliwa ndani ya marduf, unashonwa kwa sindano ya gunia. Haukamati joto, na maji hauyanywi upesi. Zamani wazungu waliujaza katika maboya ya kujiokolea baharini.

Ulikuwa unalala chini kila mwaka, ni kweli. Basi kiangazi unafumuliwa, unaanikwa juani kutwa, unapigwa kwa fimbo mpaka unavimba, unarudishwa. Godoro la mama yangu lilivuka miaka thelathini. Hilo lenu likishabonyea mnalitupa.

#30 Baridi ya Makete
Shikamoo bibi. Juani ndiko na mimi ninakoanika langu la sponji kila Jumamosi.

#31 Fundi Sponji
Hapo tutofautishe. Usufi unapenda jua. Sponji halipendi, jua kali linalifanya njano na kulikausha mpaka linakuwa unga juu. La sponji lianike kivulini penye upepo. Na likigeuka njano lenyewe ndani ya kitambaa usiogope, ni hewa na mwanga, si ugonjwa.

#32 Bi Mkubwa wa Unguja
Marahaba Makete. Fundi, na kunguni mnawatoaje bila jua?

#33 Fundi Sponji
Bibi, kunguni hawakai kwenye sponji lenyewe, wanakaa kwenye mishono na nyufa za kitanda. Maji ya moto kwenye chaga, mvuke kwenye mishono, na kurudia baada ya wiki mbili maana mayai yanabaki. Ndiyo sababu namwomba kila mtu asinunue godoro lililotumika, hata kwa ndugu anayehama.

#34 Mama Wawili
Kidogo nje ya mada lakini naomba msiipite. La mtoto mchanga liwe tambarare na gumu, limejaa kitandani bila mwanya pembeni, mtoto alazwe chali, bila mito wala madoli. Lile la bonde alilolieleza mkuu #1 asimlaze mtoto, anaweza kuviringika akaziba pua.

Na dawa ya mbu ya kuchoma isikae karibu na godoro. Sponji likishika moto ni dakika chache, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Jirani yetu alinusurika na mtoto wake kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

#35 Mkazi wa Chanika
Nimerudi. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi na futi kamba kwa fundi.

Godoro lote kilo 10 na nusu. Nimelifumua, sponji ni moja, nyeupe, hakuna vipande. Nikitoa kitambaa kilo moja na nusu, inabaki 9. Kwa hesabu ya mwalimu ni densiti 16.

Chaga ziko 8, za inchi 3, nafasi kati yake karibu inchi 7. Na ile ya chini ya kiuno changu ina ufa, imezama upande wangu.

Na chini ya nailoni kulikuwa na unyevu.

#36 Fundi Sponji
16. Nilisema.

#37 Mbao na Misumari
Inchi 7! Nilisema.

#38 Mswahili wa Likoni
Na unyevu je? Nilisema nami.

#39 Shangazi wa Ng'ambo ya Pili
Na mkewe amelalia sponji lile lile, chaga zile zile, nailoni ile ile, hana shida. Mkuu, unafanya kazi gani? Na asubuhi ukiamka unakaa wapi kuvaa viatu?

#40 Mkazi wa Chanika
Naendesha daladala. Navaa viatu nimekaa ukingoni hapo hapo upande wangu, na jioni nakaa hapo kuhesabu hesabu za siku.

#41 Mnyoosha Viungo
Saa nyingi kwenye kiti cha dereva, mtetemo, klachi mguu mmoja. Kiuno chako kina sababu za kutosha bila godoro. Kukaza kunakoisha ndani ya dakika ishirini ni kawaida ya misuli. Kukizidi nusu saa kila siku, au ukapata ganzi inayoshuka mguuni, nenda hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja, nenda siku hiyo hiyo. Kwa sasa nyoosha mapaja na nyonga kila ukifika mwisho wa ruti, na usiku weka mto katikati ya magoti ukilala ubavu.

#42 Mtaa wa Kongo
Kabla hajanunua, aweke plaiwudi juu ya chaga. Gharama ndogo.

#43 Mswahili wa Likoni
Plaiwudi nzima bila matundu yaleta unyevu ule ule wa nailoni. Atoboe matundu.

#44 Mbao na Misumari
Aongeze chaga nne, ile yenye ufa aibadilishe. Plaiwudi ya nini?

#45 Mkazi wa Chanika
Mrejesho wa siku kumi. Nailoni nimetoa. Chaga sasa ni 12. Godoro nimeligeuza, kichwani kumekuwa miguuni. Mazoezi nafanya Chanika na Kariakoo, makondakta wamezoea. Kiuno kinakaza bado lakini dakika nane au kumi. Bonde la zamani limehamia upande wa mke wangu, jipya sijaliona. Tumeamua na mke wangu tuweke akiba ya mawili kama ya #19, ila ya kuenea kitanda chetu cha 5 kwa 6, densiti 30 la kwangu.

#46 Mbao na Misumari
Chaga hizo.

#47 Mnyoosha Viungo
Au mazoezi. Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hatuwezi kujua.

#48 Fundi Sponji
Siku kumi ni chache. Umehamia mahali ambapo sponji halijachoka. Rudi baada ya miezi mitatu na rula yako.

#49 Tanga Raha
Bi Mkubwa #29, umenikumbusha mto wa nyanya yangu. Usufi bado unapatikana huko?

#50 Bi Mkubwa wa Unguja
Pemba upo, msimu ukifika. Mpwa wangu anakwenda Wete Ijumaa. Niambie ni wa mto au wa godoro zima, maana wa godoro ni magunia.